Idi ya ugenini haina mtaa, tuupange wenyewe

Unguja na Mombasa Idi hubebwa na mtaa. Mtoto akishavaa nguo mpya na kunywa chai, anatoka na wenzake nyumba hadi nyumba, anaamkia, anapewa mkono wa Idi, na jioni sarafu zinakwenda kuishia kwenye pembea za Mnazi Mmoja au Makadara. Kesho yake ni Idi pili, yanaanza tena. Huku Uingereza akifungua mlango anakutana na Jumanne ya kawaida: watu wanakimbilia treni na hakuna wa kumwamkia.

Wengi tumezoea kuliziba pengo hilo kwa kukodi ukumbi Jumamosi inayofuata. Kwa maoni yangu, ukumbi ni sikukuu ya wakubwa. Watoto wanakaa pembeni na simu, hawana kazi ya kufanya wala nyumba ya kupiga hodi. Familia nne zenye miadi thabiti zinamfaa mtoto kuliko watu mia mbili asiowajua majina.

Jambo la kwanza ni tarehe. Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo desturi inayotegemea bustani na jua itakufa miaka michache tu baadaye. Ramadhani ya Juni huku hufungwa zaidi ya saa 16, ya Desemba kama saa 10, na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Halafu kuna mwezi: msikiti mmoja unatangaza leo, mwingine kesho. Familia zenu zikubaliane mapema, kabla ya Ramadhani kuanza, zitafuata tangazo la nani, maana mabishano ya usiku wa kuamkia Idi ndiyo yanayovunja mipango mingi. Kazini omba likizo ya siku zote mbili zinazowezekana, kisha rudisha moja. Shule za Uingereza huruhusu mtoto asiende siku ya ibada ya dini yake, ila andika barua wiki mbili kabla na utaje tarehe zote mbili. Ukiwaarifu asubuhi ile ile, unajitafutia maswali.

Kwa kuwa siku haijulikani hadi usiku, pikeni kinachoweza kusubiri. Kaimati haisubiri, na mafuta ya moto hayataki watoto karibu. Vileja vinasubiri wiki mbili ndani ya bati lililofungwa vizuri, na kila mtoto ana cha kufanya. Panga Jumapili ya mwisho ya Ramadhani, nyumba moja, watoto wote. Unga wa mchele gramu 500, samli gramu 250, sukari laini gramu 200, mayai 2, hiliki kijiko cha chai, beking pauda nusu kijiko cha chai. Vinatoka kama 50.

Kosa kubwa la huku ni samli. Jikoni kuna baridi, samli imeganda kama jiwe, mtu anaiyeyusha motoni, na vileja vinatandaa kwenye sinia vinakuwa kitu kimoja. Itoe usiku uiache chumba chenye joto, kisha ipige na sukari dakika 5 hadi 8 mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Tia mayai, halafu unga kidogo kidogo. Unga uwe laini kabisa, ule wa chengachenga hukwaruza ulimi. Watoto wanaviringisha, wanabonyeza katikati kwa kidole, wanatia tone la zafarani. Oveni nyuzi 160, dakika 15 hadi 18. Kileja hakitakiwi kugeuka kahawia. Na msikiguse mpaka kipoe, dakika 20 hivi, kwani kikiwa moto kinamomonyoka mkononi.

Zakatul-fitri nayo imepotea machoni mwa watoto, kwa sababu tunailipa kwa simu. Nyumbani pishi ilipimwa mbele yao. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba ni mateko ya viganja viwili vya mtu mzima. Kwa mchele, wengi huhesabu kati ya kilo 2.5 na 3 kwa kila kichwa. Familia ya watu watano ipime kilo 12.5 hadi 15, mtoto ahesabu mwenyewe majina ya nyumbani. Mpelekeeni mhitaji mnayemjua au msikiti unaopokea chakula, kabla ya swala ya Idi, kwani baada ya hapo inahesabika sadaka tu.

Siku yenyewe iwe na njia. Baada ya swala, nyumba ya kwanza saa nne na nusu: chai na vileja. Nyumba ya pili saa saba: biriani. Ya tatu saa tisa: michezo na matunda. Ya nne kahawa na halua, jioni. Kila nyumba ipike kitu kimoja tu. Mambo huharibika pale kila mama anapopika kila kitu, halafu anashindwa kutoka kwake kwa sababu wageni hawajaondoka. Dakika 90, mnanyanyuka. Mwakani nyumba zinabadilishana zamu, ili biriani isimwangukie mtu yule yule.

Mkono wa Idi uwe sarafu, na kiasi kiwe kimoja kwa nyumba zote, pauni 1 inatosha. Watoto wakiwa 9, kila nyumba iwe na sarafu 9, zilizochenjiwa wiki moja kabla. Mtoto aingie, aseme shikamoo, apewe mkononi. Msitume fedha kwenye akaunti ya mzazi; kwa mtoto hiyo haina sauti wala uzito.

Wale ambao mwajiri amewakatalia, wasisogeze kila kitu Jumamosi. Bakisheni japo swala, nguo mpya na nyumba moja kabla ya kazi.

Na majirani wasio Waislamu wapelekewe sahani, kama tunavyopelekeana futari kwetu. Bandika karatasi ya vilivyomo, hasa mayai, maziwa na korosho, maana huku wengi wana mzio na wataogopa kula wasichokijua. Sahani ikirudi na keki wakati wa Krismasi, mtume mtoto akaipokee mlangoni.