Ujasiri wa Mwanangu, Gharama Zangu

Katika mtaa wetu wa Mji Mkongwe, Unguja, mtoto wa kiume hahesabiwi kuwa amekua kwa kufaulu mtihani wala kwa kuota ndevu, bali kwa kujirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani huku watalii wakimpiga picha. Mwanangu alikuwa hajajirusha, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Kunguru. Nilimkumbusha kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kwamba ubawa ukivunjika ni mimi nitakayelipia hospitali. Hakuridhika; akaenda kumshitakia jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi na ambaye sasa ni nahodha wa baraza la kahawa.

Mzee yule hakumtajia ushujaa hata kidogo, bali alimfundisha maji. Alimweleza kwamba bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwamba siku hizo bahari yetu hujaa alasiri, na kwamba tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, kwa hiyo anayejirusha bila kuuliza maji yako wapi si jasiri, ni mgeni wa mawe. Alimwogelesha ngazini hadi akazoea, kisha siku ya bamvua akasimama naye ukutani na kumwambia, "Mjukuu wangu, usitazame chini, tazama jahazi lile." Mtoto akalitazama jahazi, akaenda.

Mtaa mzima ukampongeza mzee. Hakuna aliyekumbuka kwamba kaptula aliyojirushia ilikuwa ya sare ya shule, tena mpya, wala kwamba mishikaki ya kusherehekea, aliyoiagiza mzee kwa ukarimu mkubwa, niliilipia mimi. Kinachonikera zaidi ni kwamba ujasiri wenyewe unafanya kazi alasiri tu: umeme ukikatika usiku, shujaa huyo haendi chooni mpaka nimtangulie na tochi.

Nilipoyapeleka malalamiko haya barazani, mzee alinisikiliza kwa adabu, akahesabu vidole, akasema, "Bwana, bamvua lijalo ni Jumatano. Na wewe, hivi ulijirusha lini?" Vikombe vyote vikasimama hewani. Nikajibu kwamba suala hilo haliko kwenye ajenda, na kwamba Jumatano, kwa bahati mbaya sana, nitakuwa shamba.