Kaunta Imehamia Saiba

Wiki jana Senje, shangazi yangu, alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Senje hapigi saa hizo ila kuwe na matanga, kwa hivyo nilipokea nikiwa nimeshaketi kitandani. "Mwana, leseni imekataa." Nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa, halafu hasira ikaanza, na bado ninayo.

Senje ana hoteli ya meza nne karibu na stendi: chai, chapati, ndengu, na omena siku ya soko. Kaunti siitaji. Wa kwetu wataijua, na wa kaunti jirani watadhani ninawasema wao.

Mwaka juzi tulitangaziwa kwamba leseni zote za biashara zimehamia kwenye tovuti. Senje akaenda saiba, kile kibanda cha kukodi kompyuta na intaneti, kama watu wote. Fomu ikadai barua pepe. Senje hana, kijana wa saiba akaweka yake. Ikadai nambari ya simu. Ya Senje ilikuwa imebaki hotelini ikichaji, na ule ujumbe wa kuthibitisha hauna subira, kijana akaweka yake pia. Leseni ikatoka siku hiyo hiyo. Senje akalipa mia mbili za saiba na akarudi akiisifu kaunti.

Mwaka huu pale saiba pana kinyozi. Kijana yuko Nairobi, wengine wanasema Qatar. Nambari yake haipatikani. Ukiiambia tovuti umesahau neno la siri, inatuma ujumbe kwa simu hiyo isiyopatikana. Ukijaribu kufungua akaunti mpya, inakujibu kwamba kitambulisho hiki kimeshasajiliwa. Nambari ya msaada inalia hadi inachoka yenyewe. Senje akafunga safari hadi ofisini, akakutana na askari wa mlangoni: "Mama, siku hizi mambo ni ya mtandaoni. Rudi kwa tovuti."

Rudi kwa tovuti! Kama vile tovuti ina benchi mtu aketi asubiri.

Sasa, tovuti hii imewahi kusifiwa. Nilikuwa kwenye mkutano mmoja ambapo mtaalamu aliyevaa kitambulisho cha shingoni alituonyesha ukutani jinsi inavyong'aa: picha za gavana zinazopishana, ramani, kitufe cha malipo, kitufe cha lugha. Akaipa alama za juu. Hakuna aliyeuliza akaunti zilizomo zimefunguliwa kwa simu za nani. Na mimi sikuuliza, nilikuwa nasubiri chai.

Hilo ndilo swali ningeanza nalo. Ukitaka kujua ubora wa tovuti ya jiji au kaunti, usiifungue kwenye kompyuta ya ofisi yenye intaneti ya serikali. Nenda saiba yoyote mwezi wa Januari, msimu wa leseni, ukae nyuma ya foleni. Utaona mama wa mitumba, fundi wa viatu, mwenye posho mill, kila mmoja ameshika kitambulisho mkononi kama mtu anayengoja kupiga kura. Mbele yao kuna kijana mmoja anayejua kurasa zote kwa kichwa, anayejua ni saa ngapi mtambo hukwama, na aliye na daftari la kaunta lililoandikwa majina ya watu na maneno yao ya siri. Daftari! Nchi ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na siri za nusu ya soko zimelala kwenye daftari la kurasa tisini na sita, pembeni ya kikombe cha chai.

Simlaumu kijana. Yeye ndiye mtumishi wa umma wa kweli katika habari hii, ila halipwi mshahara wala hakuna anayejua akihama. Zamani kaunta ilikuwa ndani ya ofisi ya kaunti, mwenye kuketi nyuma yake alikuwa na jina na bosi, na ungeweza kumshtaki. Tulichofanya ni kuibeba ile kaunta na kuivusha barabara hadi saiba, mwananchi akaongezewa mia mbili juu, kisha tukayaita hayo maendeleo ya kidijitali.

Tena msiniambie tatizo ni kwamba Senje hakusoma. Senje huyo huyo anatuma na kupokea pesa kwa simu tangu miaka ya mwanzo ya M-Pesa, iliyozinduliwa 2007. Anatumia kabambe, simu ndogo ya vitufe, iliyofungwa na raba bendi. Analipa muuza unga, analipa chama, na akikosea nambari anajua la kufanya kabla mimi sijamaliza kumuuliza. Hakuna aliyempeleka semina. Kilichotokea ni kwamba waliotengeneza kitu kile walijua kuna watu wenye kabambe. Waliotengeneza tovuti yetu walimjua gavana.

Kuna wanaopima mambo haya kimataifa. Umoja wa Mataifa hupima tovuti za majiji, na tangu utafiti wa 2022 huchukua jiji lenye watu wengi zaidi katika kila nchi mwanachama. Kwetu hilo ni Nairobi. Kisumu, Nakuru iliyopata hadhi ya jiji Desemba 2021, Eldoret iliyoipata Agosti 2024, hakuna wa New York atakayetuuliza. Basi tujiulize wenyewe.

Kile kitufe cha lugha nacho. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nilikibofya nikiwa na Senje, nikimsomea kwa sauti. Mashine ikatafsiri sehemu ya kujaza wadi: "Chagua wodi yako." Senje akaniangalia. "Kwani nimelazwa?"

Mengine sitayakalia. Bajeti imewekwa, lakini imepigwa picha kiubavu, uisome ukilaza shingo. Tangazo la mkutano wa wananchi hupandishwa mkutano ukishaisha.

Nikubali, shingo upande, kwamba zamani hakukuwa peponi. Namkumbuka karani aliyekuwa haoni faili yako mpaka umpe ya chai. Ukilipa kwa simu risiti inakuja hapo hapo, na pesa haipiti mfukoni mwa mtu. Hilo ni zuri, na sitaki turudi kule. Nasema tu kwamba aliyezoea kula kwenye mlango huu sasa amepata usingizi, na anayeumia ni yule yule.

Na msinijibu kwamba mitambo hukwama kila mahali. Najua. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya taifa, iliposhambuliwa na wadukuzi, serikali ilipata njia ya pembeni upesi: wageni waliokwama bila viza za mtandaoni waliambiwa watapewa wakishafika. Vizuri sana. Kumbe mlango wa pili unawezekana, ukiwa umetoka Ulaya. Kwa Senje kuna askari.

Ijumaa nilienda naye mwenyewe ofisini. Nilivaa shati la kanisani, nikazungumza Kiingereza kidogo pale mlangoni, na askari yule yule akatufungulia akituita wageni. Ndani, dada mmoja mpole alimaliza jambo lote kwa dakika sita hivi: akaifuta akaunti ya zamani, akafungua mpya. Dakika sita. Nilimuuliza kwa nini maelezo haya hayako popote kwenye tovuti. Akasema tovuti inashughulikiwa na idara nyingine.

Kisha akauliza barua pepe. Senje akaniangalia. Akauliza nambari ya simu. Kabambe ya Senje ilikuwa imezima njiani, na ujumbe wa kuthibitisha, kama mjuavyo, hauna subira. Nikataja yangu.

Neno la siri nimeliandika kwenye kalenda ya kanisa iliyoko ukutani mwa hoteli, juu ya meza ya pili, kwenye mwezi wa Januari.