Makao madogo ya wazee yapimwe usiku

Familia inayomtafutia mzee wao mahali pa kutunzwa husikia ushauri unaopingana. Upande mmoja unasema nyumba ndogo, yenye wazee sita hadi kumi, ndiyo bora kwa kuwa inakaribia nyumbani. Upande wa pili unasema heri makao makubwa yenye muuguzi saa zote, kumbukumbu zilizopangwa na wakaguzi wanaoingia na kutoka. Mimi naegemea nyumba ndogo, ila kwa sharti ambalo wanaozisifu hawalitaji.

Hoja yao kubwa ni kwamba mzee anayeishi na wenzake saba anajulikana. Mhudumu anajua kwamba babu huyu akianza kuvutavuta shati anataka kwenda chooni, na kwamba yule bibi hanywi maji asipowekewa kikombe mkononi. Kumjua mtu hivi kunaokoa maisha. Hisia ya kiu hufifia uzeeni, hivyo mwili unaweza kukaukiwa maji mwenyewe hajaomba hata funda moja. Maambukizi nayo kwa mtu wa miaka 85 huweza kuingia bila homa, dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa tu: jana alizungumza vizuri, leo hajui alipo. Aliyemzoea atashtuka asubuhi ileile. Mgeni atadhani ndivyo alivyo.

Tena kuna uhuru wa mambo madogo. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wao kutoka makao ya wazee ya Connecticut, Marekani. Kundi moja la wazee liliachiwa maamuzi yake, hata kila mmoja kuutunza mmea wake mwenyewe. Kundi jingine liliambiwa wahudumu watafanya yote. Walioachiwa maamuzi walionekana wachangamfu zaidi. Nyumba ndogo inaweza kumwacha mzee aamke saa anayotaka. Makao yenye wazee mia moja ni vigumu, maana ratiba ndiyo inayowaendesha wote.

Mfano unaotajwa sana ni nyumba za Green House zilizobuniwa na daktari Bill Thomas. Za kwanza zilifunguliwa Tupelo, Mississippi, mwaka 2003, kila moja ikiwa na wazee wapatao kumi, vyumba vyao binafsi na meza moja ya kulia. Wanaoutaja mfano huo husahau kwamba nyuma ya nyumba zile wapo wauguzi na wataalamu wa tiba. Udogo wake una watu wa kuutegemeza, na hapo ndipo nyumba nyingi ndogo zinapopungukiwa.

Fikiria saa nane ya usiku. Nyumba ina wazee wanane na mhudumu mmoja. Mzee mmoja ameanguka kutoka kitandani, na hanyanyuki bila watu wawili. Wakati huohuo mwingine anaita apelekwe chooni, na wa tatu, ambaye hawezi kujigeuza, anangoja kugeuzwa ubavu ili asipate vidonda vya kulala. Kuanguka si jambo la nadra: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka. Kugeuzwa nako, kwa mazoea ya uuguzi, ni karibu kila saa mbili. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba ni hili: mhudumu wa usiku anakesha au analala? La pili: akihitaji mtu wa kumsaidia kunyanyua, anamwita nani, na huyo anafika baada ya dakika ngapi?

Wanaokwenda kutembelea mchana hawayaoni hayo. Wanaona sebule safi na wazee waliotulia, wanafarijika. Utulivu huo ninauogopa kidogo. Unaweza kuwa wa watu wenye amani, na unaweza kuwa wa dawa. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili wanazopewa wazee wenye dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huongeza hatari ya kifo. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi dawa za aina hiyo za kizazi cha zamani. Basi omba kuona daftari la dawa za mzee wako: kila dawa imeagizwa na nani, kwa sababu gani, na mara ya mwisho daktari aliipitia lini.

Wenye nyumba ndogo hulalamika kwamba makaratasi yanawala. Wana haki. Mhudumu anayejaza fomu saa nzima ameacha kumshika mzee mkono saa nzima, na fomu inaweza kuwa safi huku mzee amelowa. Hata hivyo kuna kumbukumbu tatu ambazo sioni udhuru wa kuzikosa: dawa, matukio ya kuanguka, na uzito. Mizani ni ya bei ndogo, kumpima mtu ni dakika chache. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi, hiyo ni asilimia 5, kiwango ambacho wauguzi huchukulia kuwa cha kutafutiwa sababu mara moja. Macho ya mtu anayemwona kila siku hayauoni upungufu huo, hata kama anampenda.

Liko pia jambo la ushahidi. Katika nyumba ya watu wachache, mzee anayetendewa vibaya hana wa kumwambia isipokuwa huenda yuleyule anayemtenda. Mlango ulio wazi kwa ndugu saa yoyote, bila miadi, unasaidia kuliko cheti kilichotundikwa ukutani. Nyumba inayosema njoni Jumapili alasiri tu, ningeuliza kwa nini.

Swali ambalo ningelibakiza hadi mwisho wa mazungumzo ni hili: ni mzee wa namna gani ambaye hamumwezi? Mwenye nyumba mmoja atasema wanaweza kila hali. Mwingine atasema, "Akifika mahali pa kunyanyuliwa na watu wawili usiku, hatutamweza, tutawaambia mapema na tutawasaidia kutafuta pengine." Huyo wa pili ndiye ambaye ningemkabidhi mama yangu.