Kuunguza ndani ya moyo kwanza, au ndani na nje kwa pamoja?

Mapigo yanapokwenda mbio kutokea kwenye vyumba vya chini vya moyo, na dawa kama amiodaroni zikashindwa kuyatuliza, daktari anaweza kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa paja na kuunguza sehemu ya msuli inayozua umeme usiotakiwa. Mabingwa hawakubaliani kuhusu pa kuanzia: upande wa ndani peke yake, au ndani na nje katika kikao kimoja.

Wanaotetea pande zote mbili wanasema kuwa katika baadhi ya magonjwa, hasa moyo uliotanuka bila mishipa yake kuziba, kovu linalozua umeme huo hukaa karibu na uso wa nje, ambako joto linalotoka ndani halifiki. Njia ya kuufikia uso huo kwa sindano chini ya mfupa wa kifua ilielezwa mwaka 1996 na Sosa na wenzake wa São Paulo, kwa wagonjwa wa Chagas, ugonjwa wa kimelea unaoharibu msuli wa moyo. Kwa mgonjwa wa Arusha au Moshi hoja hii ina uzito wa ziada, kwani akipewa rufaa kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, kurudi mara ya pili ni nauli nyingine, msindikizaji mwingine na siku nyingine bila kipato.

Hata hivyo, sindano hiyo inaweza kutoboa chumba cha chini cha upande wa kulia wa moyo na damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Mishipa inayoulisha moyo hupita juu ya uso huohuo, na neva ya kiwambo, inayoendesha msuli wa kupumulia, iko jirani. Kwetu lipo pia suala la kifua kikuu, ambacho ni chanzo kikubwa cha uvimbe wa mfuko wa moyo barani Afrika. Kinaweza kuufanya mfuko ugandamane na moyo, kama inavyotokea kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa moyo, na sindano ikakosa nafasi ya kupita. Anayependekeza njia ya nje bila kuuliza historia hiyo, kwa maoni yangu, ameharakisha.

Zaidi ya hayo, ahadi ya kumaliza yote kwa safari moja haina msingi imara. Katika utafiti wa VANISH wa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 259 wenye kovu la shambulio la moyo na kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa mwilini, vifo, dhoruba za mapigo (mapigo ya mbio yanayojirudia mara kadhaa ndani ya siku moja) au mishtuo ya kifaa viliwapata asilimia 59.1 ya waliounguzwa, dhidi ya asilimia 68.5 ya walioongezewa dawa. Nafuu ilikuwapo, lakini vifo peke yake havikutofautiana. Kovu la aina hiyo, kwa kuwa tabaka la ndani ndilo hukosa damu kwanza, kwa kawaida hufikiwa kutoka ndani. Mapigo ya ziada yanayotokea kwenye njia ya kutokea damu upande wa kulia, katika moyo usio na kovu, hayahitaji mjadala huu.

Kwa hiyo ningeanza ndani, na kuiandaa njia ya nje tangu mwanzo kwa yule tu ambaye ugonjwa wake, picha ya MRI (ya sumaku) au ECG (mchoro wa umeme wa moyo) vinaelekeza huko. ECG yenye manufaa zaidi ni ile kamili iliyochukuliwa mapigo yakiwa bado yanakwenda mbio, na mara nyingi hiyo hupatikana hospitali ya kule anakotoka mgonjwa, usiku, kwenye chumba cha dharura. Ndiyo ya kwanza kuambatanishwa na barua ya rufaa.