Mwenzenu Nimeyeyusha Jiwe la Watu

Kabla hamjaniuliza: hapana, sikulipikia mboga. Najua kuna rafiki yangu mmoja, bingwa wa visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe), ambaye tangu juzi anawaandikia watu kwamba nimeazimwa jiwe la kale nikaliunga kwenye mchuzi. Huyo mtu nilimweleza siri saa mbili usiku. Saa mbili na robo nikaanza kupokea pole kutoka kwa wakusanya mawe ambao hata salamu hatujawahi kupeana. Basi acha niseme mwenyewe, ingawa ukweli nao hauna nafuu sana.

Mnamjua yule Mzee ninayeandikiana naye, mwenye mwandiko wa kupinda na makabati yenye droo za mawe mpaka chumbani. Miezi mitatu nimembembeleza aniazime fuwele moja niipige picha, maana mimi jina langu ni picha, kwa mengine nabahatisha. Hatimaye akakubali. Likaja kwa posta: mchemraba wa sentimita 3 kila upande, gramu 58, mweupe wa kupenyeza mwanga, kingo zimenyooka utadhani zimekatwa kwa rula. Na ndani yake, jamani, kuna tone la maji, na ndani ya tone kuna kiputo kinachotembea ukilipindua. Mzee aliandika barua ya kurasa mbili kuhusu hicho kiputo kama anayemsimulia mjukuu wake wa kwanza: tone lile ni maji ya bahari iliyokauka takriban miaka milioni 13 iliyopita, yamefungiwa humo tangu siku hiyo.

Kurasa mbili, na hakuna mahali alipotaja ni jiwe gani. Simlaumu. Nani anamwambia mkusanya mawe mwenzake kitu cha wazi namna ile?

Nikageukia lebo. Lebo ilikuwa ya zamani, wino umefifia, na neno moja tu kubwa: Wieliczka. Nikaandika kwenye daftari langu, kwa kalamu isiyofutika: "Wieliczka, fuwele moja." Ndiyo, cheka. Leo najua Wieliczka ni mgodi wa Poland, uliochimbwa chumvi kwa karne nyingi hadi 1996. Kwenye kona ya lebo kulikuwa na herufi nne, NaCl, yaani chumvi kwa alama za kemia. Nilidhani ni sahihi ya aliyeliokota.

(Mwalimu wangu wa kemia, kama unasoma hapa, shikamoo. Kosa si lako.)

Dalili zilikuwepo. Jiwe lilikuja limezungukwa na vile vifuko vya kunyonya unyevu, vinavyoandikwa usile. Badala ya kujiuliza, nikamtania Mzee kwamba amelifunga kama viatu vipya. Na barua ilisema "liweke pakavu." Nikaona ni wasiwasi wa wazee.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Sisi watu wa mawe tunalamba. Tusifichane. Mfupa wa kisukuku unanata ulimini, jiwe la kawaida halinati, na kila mmoja wetu ana siku aliyofumaniwa ametoa ulimi. Mimi nalamba kila kitu. Lakini hili nikasema hapana, ni mali ya mtu mzima, kulilamba ni utovu wa adabu. Hata kulikwaruza kwa ukucha kupima ugumu sikuthubutu. Nikaona nilioshe tu, kwa heshima.

Lilikuwa na vumbi kidogo, na vumbi kwenye picha ya karibu linaonekana kama kokoto. Nikachukua beseni, maji ya vuguvugu lita 4, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Nikachukua mswaki mlaini, ule ninaosugulia kwatzi zangu, mawe magumu yasiyoyeyuka majini, zikitoka na matope. Nikasugua upande wa kwanza. Maji yakateleza vidoleni; nikasema sabuni hiyo. Nikasugua upande wa pili. Kingo zilizokuwa kali nikahisi zimelainika kidogo. Nikajisifu, uchafu wa miaka mingi unatoka. Nikasugua wa tatu huku naimba. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kufanya kazi vizuri, nikaliweka kwenye chujio la plastiki, nikalining'iniza katikati ya beseni lisiguse chini likachubuka, nikaliacha lilowe mpaka asubuhi.

Kabla ya kulala nikamwandikia Mzee: "Shikamoo. Limefika salama. Sasa hivi linaoga."

Nikalala usingizi wa mtoto. Alfajiri nafungua simu, ujumbe kumi na moja.

"Marahaba. Linaoga nini?"

"Linaoga WAPI?"

"Kijana, litoe."

"Litoe majini."

Mingine ilikuwa simu alizopiga nikiwa nakoroma. Wa mwisho, wa saa kumi: "Umelitoa?"

Kutoka kitandani hadi kwenye beseni ni hatua kama kumi na mbili. Nilizitembea kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Maji yalikuwa safi kabisa, hata uchafu hayakuwa nao. Chujio lilikuwa palepale. Ndani ya chujio kulikuwa na kitu cha ukubwa wa harage, cha mviringo, kinang'aa, kama pipi aliyoitema mtoto. Nikachovya kidole kwenye maji. Nikakipeleka ulimini.

Hapo ndipo nilipolamba, wapendwa. Nimechelewa kwa saa tisa.

Kiputo sikukiona. Kilivumilia miaka milioni 13, kikaja kupasukia kwenye beseni la kufulia, tena pamoja na sabuni ya vyombo. Baadaye nikapiga hesabu, kwa kujitesa tu: mililita 100 za maji huyeyusha karibu gramu 36 za chumvi. Beseni langu lingemaliza mawe 24 ya aina ile na bado likasikia njaa. Na kule kulining'iniza ndiko kulikolimaliza haraka, kwa sababu maji yaliyokolea chumvi yalizama chini na mapya yakawa yanaingia. Lingekaa sakafuni mwa beseni pengine tungeokoa nusu.

Yaliyofuata kwa ufupi. Nikampigia, nikalia, akanyamaza. Nikaanika yale maji juani kwenye sinia nikitumaini muujiza. Nikapata vijichumvi vyenye harufu ya ndimu. Wenzangu wakaniambia chumvi ya mawe hufutwa kwa brashi kavu, au spiriti safi isiyo na maji. Asanteni, mngesema juzi. Mzee akaomba nimrudishie lebo na lile harage. Harage amelitengea droo yake.

Jana kimefika kifurushi kingine kutoka kwake. Kwatzi, nzuri, ncha sita, ina matope kwenye mitaro. Barua ina mstari mmoja: "Hii unaweza kuiosha."

Iko mezani. Nimeilamba mara tatu, na bado naisugua kwa brashi kavu.