Kilo Tatu za Kwenye Boksi

Nani kasema msumeno wa mnyororo ni mwepesi? Mimi niliambiwa na boksi. Limeandikwa kilo 3 kwa tarakimu za kutisha, na picha ya jamaa anatabasamu, kaushika kama kashika mswaki. Nikasema huyu ndiye saizi yangu. Nina tawi moja tu limelalia paa, siendi kufyeka msitu.

Nafika nyumbani, nasoma yale maandishi ya chini yaliyoandikwa kwa ajili ya siafu: uzito huo ni wa injini pekee. Bila bapa, yaani ule ulimi mrefu wa chuma ambao mnyororo unauzunguka, bila mnyororo, bila mafuta. Jamani, ukitoa bapa na mnyororo, huo ni msumeno au redio? Ni sawa na mimi nipande mzani tumbo nimeliacha sebuleni.

Mafuta yenyewe mawili. Huku petroli iliyochanganywa na oili, lita 1 kwa mililita 20, maana hizi injini ndogo hunywa oili humo humo. Kule kitanki kingine, oili ya kulainisha mnyororo. Nikajaza kote. Dakika ya kwanza nimebeba kilo 5, dakika ya kumi nimebeba mtoto wa ng'ombe.

Na mpumbavu mimi nilitaka bapa la sentimita 50, jirani anione! Muuzaji akaniuliza, "Mzee, hilo tawi lina unene gani?" Nikampigia paja langu. "Basi 30 au 35 zinakutosha." Niliona kanidharau. Leo namwombea dua, maana bapa refu linainamisha pua ya msumeno, na mikono ni hii hii miwili.

Mama watoto akauliza mbona sikuchukua wa betri. Nikamjibu hiyo ni midoli. Nikavuta kamba mara kumi na saba; bega likalia kabla ya injini.

Basi nikavaa. Kofia, miwani, vizibo vya masikio, na ile suruali yenye nyuzi ndani za kuukaba mnyororo ukikugusa. Mbwa wangu mwenyewe akanibwekea. Hapo ndipo nikakumbuka kumalizia kitabu cha maelekezo. Usikate juu ya mabega. Usikate ukiwa kwenye ngazi. Ncha ya bapa ikigusa mti, msumeno unaruka kukufuata usoni.

Nikatazama tawi. Tawi liko juu ya paa.

Nikazima. Nikakaa kwenye ndoo, na kofia yangu.

Akaja kijana wa jirani na msumeno wa mkono kaufunga kwenye fito ndefu. Nusu saa, jasho linamtoka, tawi likashuka. "Mzee, liko chini sasa." Nikainuka, nikavuta kamba. Safari hii ikawaka mara moja, mnafiki mkubwa, nikalikatakata pale chini vipande vidogo vidogo kuliko ilivyohitajika, ili mradi moshi uonekane.