Manguo ya wenyewe: kumtetea Dick Grayson

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale Posta, katikati ya Lubumbashi, nimechuchumaa mbele ya turubai la muuza vitabu vya mtumba. Nilikuwa napekua bede, maana huku vitabu vya katuni tunaviita hivyo kwa mazoea ya Kifaransa, nikakuta moja yenye Batman, yule shujaa wa vazi la popo, akitabasamu. Kijana aliyekuwa kando yangu akaitupia jicho, akatikisa kichwa. "Mukubwa, ule si Batman. Batman ni Bruce. Ule mungine anavaa tu manguo ya wenyewe." Hakunidhihaki. Aliniambia kwa upole, kama anayemzuia mtu asiuziwe simu bandia. Bede niliinunua, lakini na maneno yake niliondoka nayo, kwa kuwa ndiyo ninayoyasikia kila ninapokaa na wasomaji wa mambo haya, na naamini kwa moyo wote kwamba yanamwonea Dick Grayson.

Kisa wapenzi wa bede wanakijua. Bruce Wayne, Batman wa kwanza, alidhaniwa amekufa, na katikati ya mwaka 2009 joho lake likavaliwa na Dick, yule aliyekuwa Robin wa kwanza, yaani msaidizi mdogo wa Batman. Mwandishi alikuwa Grant Morrison, na matoleo ya mwanzo yalichorwa na Frank Quitely. Kando ya Batman huyo akawekwa Robin mpya, Damian, mtoto wa kumzaa wa Bruce, miaka 10, aliyelelewa na wauaji na asiyemheshimu mtu. Mkubwa akawa mcheshi, mdogo akawa ndiye anayenuna.

Naomba tukae kidogo kwenye hesabu moja, kwa sababu mimi hainiachi. Batman alitokea kwenye karatasi mwaka 1939, Robin akamfuata 1940. Toka hapo hadi Dick anavaa joho ni miaka 69. Katika miaka hiyo alikuwa mtoto wa kaptura ya kijani, akaingia chuo kikuu mwaka 1969, akawa Nightwing, shujaa mwenye jina lake mwenyewe, mwaka 1984. Mwaka 1993 adui aitwaye Bane alipomvunja Bruce mgongo, ungedhani zamu imefika. Bruce akampa vazi Jean-Paul Valley, mgeni wa juzi katika nyumba ile, na mgeni huyo akaligeuza kuwa chuma na makucha. Dick aliitwa baadaye, akalishika kwa muda mfupi, akalirudisha. Na alipolipata kweli alikaa nalo miaka miwili na ushei, hadi Septemba 2011, DC, wachapishaji wa Batman, ilipoanza upya kuhesabu matoleo yake yote kutoka namba moja na kumrudisha Dick kwenye jina la Nightwing. Sitini na tisa kwa miwili. Anayesema huyu alinyemelea mali ya watu aitazame tena hesabu hiyo. Hata siku ambayo Bruce hayupo tena, Dick alikataa kwanza. Ni Jason Todd, Robin wa pili, aliyejitwalia sura ya popo akiwa na bastola mkononi, na ndipo Dick akaona hawezi kuendelea kukaa pembeni.

Sasa upande wa kijana wa Posta. Kuna jambo ambalo ana haki nalo kabisa, nalo ni imani ya msomaji. Superman aliuawa mwaka 1992, mwaka uliofuata amerudi. Steve Rogers, Captain America, alipigwa risasi 2007. Mwanzoni mwa 2008 ngao yake na jina lake vikachukuliwa na Bucky, mwenzake mdogo wa zamani. Kabla vumbi halijatulia Steve naye amerudi. Mtu akilizwa hivyo mara tatu, mara ya nne hatoi chozi. Na mrithi anaanza kuonekana kama tairi la spea, la kufikisha gari gereji. Hayo siyapingi. Ila deni hilo ni la wachapishaji wanaojua kwamba msiba unauza. Kumdai mrithi ni kumdai asiyekopa.

Jambo jingine ni Sam Wilson, yaani Falcon, mwenzake Captain America, na hapa nakiri sina jibu la kuniridhisha. Falcon alianza mwaka 1969, shujaa wa kwanza mwenye asili ya Afrika na mzaliwa wa Marekani katika nyumba kubwa za bede. Ana mabawa yake, ana jina lake, ana mtaa wake wa Harlem. Mwaka 2014, Steve alipoishiwa nguvu na kuzeeka ghafla, alimpa ngao Sam kwa hiari, mbele ya watu. Ni heshima, naielewa. Lakini vijana wetu wanauliza: kwa nini mtu mweusi akipandishwa cheo apandishwe kwa kuvikwa jina la mzungu, badala ya jina lake mwenyewe kukuzwa hadi lilingane na lile? Wakiuliza hivyo mimi nanyamaza. Wengine hapo humtaja Black Panther wa 1966 kama shujaa asiyerithi kitu kwa mtu, na kwa hilo wanakosea. T'Challa, ndiye Panther huyo, ni mrithi. Jina la Panther alilipokea kwa baba yake, na baba yake kwa waliomtangulia.

Na hapo ndipo hoja kubwa ya yule kijana inapolegea, ile kwamba jina na mtu ni kitu kimoja. Mtu wa Lubumbashi anawezaje kusema hivyo? Nenda Bunkeya, kaskazini mwa hapa. Ngelengwa, mfalme wa Bayeke na Msiri wa kwanza, aliuawa pale tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa mzungu Stairs. Mwanawe Mukanda-Bantu akakalia kiti katika siku mbaya kuliko zote, mji umevunjika, wageni wamejaa. Hadi leo mwami, yaani mfalme, wa Bayeke anabeba jina la Msiri, na sijasikia mtu akimwambia kwamba amevaa manguo ya wenyewe. Ukivuka mpaka kwenda Luapula, Zambia, anayekalia kiti cha kifalme cha Mwata Kazembe akisimulia safari za waliomtangulia karne mbili na zaidi zilizopita, husema mimi: mimi nilivuka mto huu, mimi nilipigana pale. Wasikilizaji hawamcheki, wala hawamshuku uongo. Wanajua anayesema ni kiti.

Utaniambia popo wa Gotham, mji wa Batman, si kiti cha ufalme, hakuna wazee waliokaa wakamtawaza. Ni kweli. Lakini Alfred, mtunza nyumba aliyewalea wote wawili, alimwambia Dick, aliyekuwa amekata tamaa siku zake za mwanzo, alichukulie lile vazi kama nafasi kubwa ya jukwaani, mfano wa Hamlet: wengi wameicheza, na kila mmoja ameileta kwa mwili wake. Sijui kama kuna mzee wa Bunkeya ambaye angelieleza vizuri zaidi.

Inabaki hoja ya kidonda, na hii naipenda kwa sababu inatoka kwa msomaji aliyempenda Bruce kweli. Wanasema: Batman alizaliwa usiku ule kwenye uchochoro, mtoto amesimama kati ya maiti mbili za wazazi wake. Mali inarithiwa, jina linarithiwa, kidonda hakirithiwi. Sawa. Lakini Dick hakuhitaji kukirithi. Wazazi wake walikuwa wanasarakasi wa kamba za juu. Genge la Tony Zucco liliharibu kamba kwa sababu mwenye sarakasi alikataa kulipa, na mtoto aliwaona baba na mama wakianguka mbele ya umati uliokuja kufurahi. Kidonda ni kilekile. Kilichokuwa tofauti ni kwamba usiku wa Dick palikuwa na mtu mzima kwenye viti vya watazamaji aliyekijua kidonda hicho, akashuka, akamchukua kwake. Bruce alikua na maumivu yale peke yake. Dick alikua nayo akiwa ameshikwa mkono. Ndiyo maana Batman yule anatabasamu. Kijana aliliona tabasamu lile kama alama ya kitu bandia. Mimi naliona kama kazi nzuri kuliko zote alizofanya Bruce Wayne maishani, nzuri kuliko kumkamata adui yake Joker mara mia.

Na mwenye nguo alirudi. Mwaka 2010 Bruce alionekana tena, mzima. Angeweza kudai. Alimwacha Dick aendelee kuwa Batman wa Gotham pamoja na Damian, yeye akaenda kutafuta watu wa kubeba alama ile katika nchi nyingine. Kwa muda wakawa Batman wawili, na mji haukuanguka.

Kama bado kuna anayeona haya ni maneno ya kumfariji wa pili, nitampeleka kwa Wally West. Flash, shujaa wa mbio, wa zamani zake alikuwa Barry Allen, mume wa shangazi yake. Wally alianza kukimbia nyuma yake mwaka 1959 kama Kid Flash. Barry alikufa mwaka 1985 akiuokoa ulimwengu, Wally akalivaa vazi jekundu, akakaa nalo zaidi ya miaka 20 kabla Barry hajarudishwa. Mtu aliyeanza kusoma mwaka 1990 alimjua Wally kama Flash kwa ujana wake wote. Barry kwake alikuwa picha ukutani. Lakini miaka ya mwanzo Wally alikuwa mzito. Hakufikia kasi ya Barry, na wasomaji walisema tuliwaambia. Mwaka 1993 mwandishi Mark Waid akaleta mtu mwenye sura ya Barry, amerudi kutoka kwa wafu, kisha akageuka kuwa adui aliyejificha ndani ya sura hiyo. Katika pambano lile Wally anagundua kitu. Miguu yake haikuwa na kasoro hata siku moja. Alikuwa akijizuia mwenyewe, kwa sababu siku atakapokimbia kama Barry, Barry atakuwa amekufa kweli na nafasi yake imezibwa. Ule uzito ulikuwa mapenzi. Akauachia, akakimbia.

Sijasoma mahali pengine palipoeleza vizuri namna hiyo yanayompata mwanagenzi anayeachiwa kazi, na niliposoma nilimwona mtu ninayemjua.

Nilipokuwa mdogo, katika komini ya Kenya hapa mjini, jirani yetu alikuwa fundi cherehani, mzee wa suti. Mkasi wake wa kukatia ulikuwa mzito, na shikio la dole gumba alikuwa amelizungushia utepe wa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, kwa kipimo cha kidole chake kilichovimba kiungo. Mzee akaugua, akalazwa miezi. Kazi ikabaki kwa kijana aliyekuwa akimshonea vifungo na kumpigia pasi. Wateja walikuja, wakageuza suruali ndani nje mlangoni penye mwanga, baba yangu mmojawapo, wakasema hii si mkono wa mzee. Na haikuwa. Yule kijana alikuwa anakata na mkasi ule ule, dole gumba likiteleza ndani ya utepe uliokuwa na umbo la kidole cha mtu mwingine, na mstari wake ulikuwa unayumba. Alikata hivyo wiki nyingi. Siku moja nilikuwa nimekaa kizingitini nikamwona anaufungua ule utepe polepole. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, mweusi kwa mafuta na chaki. Aliukunja, akauweka kwenye droo ya vifungo, akashika mkasi, akakata mguu mzima wa suruali bila kusimama.

Mzee aliporudi alikaa kwenye kiti cha wateja. Akaomba mkasi. Akaingiza dole gumba, halikuingia. Akautazama pale ambapo utepe ulikuwa, kijana amesimama mbele yake hapumui. Kisha mzee akaugeuza mkasi, akamrudishia kwa upande wa shikio, akaomba sindano na koti lililokuwa mezani, akaanza kushona matundu ya vifungo.